Baridi ya Kwetu

Haya nayaandikia mama ambaye wiki hii au wiki ijayo ataambiwa, na watu wazima wanaompenda, kwamba mtoto wake ana baridi. Mimi niliambiwa hivyo nikaamini, na mtoto nusura anitoke mikononi. Sasa Salim yupo darasa la tatu, anabishana na mimi juu ya kila kitu mpaka rangi ya soksi, na nimeona niandike kabla kipupwe hakijaingia tukaanza tena kukimbizana na maumivu. Sitaeleza mambo ya kidaktari. Daktari yupo, muulizeni. Nitaeleza ya nyumbani, kwa sababu sisi tuliumia nyumbani kuliko hospitali.

Tunakaa Bagamoyo, upande wa mji wa zamani, katika nyumba ya ukoo wa mume wangu. Mume wangu Masoud ana duka la vifaa vya ujenzi Mapinga, kule watu wa Dar wanakonunua viwanja na kuanza misingi ambayo hawaimalizi. Mimi nashona sare za shule na mapazia. Mama mkwe wangu ni mama yangu mkubwa, yaani yeye na mama yangu mzazi wamezaliwa tumbo moja. Kwa hiyo nilipoolewa sikuhama ukoo, nilihama mtaa tu.

Watu wa kwetu wanapenda kuoana hivyo. Akija mposaji mgeni, wazee huulizia: kwao wana nini, wanaugua nini, fulani alikufa kwa maradhi gani. Akiposa ndugu, maswali hayapo. Mtu akithubutu kuyaanza, anaambiwa, "Sisi kwa sisi, tuulizane nini?" Watu wanacheka, halua inapita, kahawa inamiminwa. Siku ya posa yangu na mimi nilicheka, nikiwa chumba cha ndani na Zuhura, mdogo wake Masoud, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa sekondari na alikuwa ananisuka nywele.

Salim alizaliwa mnene, mwenye kelele. Siku ya akika, mama mkubwa ndiye aliyetoa jina. Nikaambiwa ni jina la babu mmoja wa Pangani, nikalipokea kwa furaha. Alipoanza kukaa mwenyewe, siku moja aliamka analia, viganja vyake vimevimba kama maandazi yaliyoumuka, huwezi hata kumgusa kidole. Nilimpigia Masoud simu akaja kutoka dukani. Alivishika vile viganja kwa muda mrefu, kisha akatoka. Nilidhani anakwenda kutafuta gari. Kumbe alikwenda kumwita mama yake.

Mama mkubwa aliangalia mara moja tu. "Ni baridi ya kwetu hiyo," alisema. "Watoto wa ukoo huu wanaipata. Akikua itamwacha."

Mwenyewe nikatulia. Baridi naijua, nani asiyeijua? Mtu mzima anaamka kiuno kimemkaza anasema ana baridi. Tukaanza dawa: mafuta ya nyonyo yaliyochemshwa na karafuu, asubuhi na jioni, sweta, soksi za sufu. Hayo hayakumdhuru. Kilichomdhuru ni miiko. Aliyekulia pwani anajua kwamba kwetu kuna vyakula vya joto na vyakula vya baridi, na mgonjwa wa baridi hapewi cha baridi. Salim akakatazwa madafu, matikiti, matango, kuchezea maji, kuoga mchana, kwenda baharini. Na maji yenyewe ya kunywa akapewa ya vuguvugu, machache, afadhali chai ya tangawizi. Akilia kiu nilimpa kijiko. Mtoto ambaye, nilikuja kuambiwa baadaye, alipaswa kunywa maji tangu asubuhi mpaka jioni, alinyimwa maji katika joto la Bagamoyo na watu waliokuwa tayari kufa kwa ajili yake. Yote kwa sababu ya neno moja.

Msidhani sikumpeleka kwa wataalamu. Nilimpeleka zahanati kila alipopandisha homa. Tulipewa dawa za malaria, tulipewa za maumivu, na mara mbili mganga wa zamu alituuliza kama katika familia kuna ugonjwa wa kurithi. Masoud alikuwa amesimama pembeni yangu, mtoto begani. Alisema hapana. Nilimsikia kwa masikio yangu haya.

Katikati ya hayo akazaliwa Hemedi. Huyu hakuwa na baridi wala mjukuu wake. Alitembea mapema, alikula udongo wa ua mzima, na akijua tu kwamba mlango uko wazi utamkuta ufukweni amevua nguo. Basi nyumba moja ikawa na sheria mbili. Huyu anavishwa sweta, yule anavuliwa. Huyu anabembelezwa ale kijiko cha tatu, yule ananyang'anywa sahani ya pili. Hemedi alihitaji mtu wa kumkimbiza na Salim alihitaji mtu wa kukaa naye, na mimi ni mmoja. Zuhura ndiye aliyeniokoa. Alikuwa amemaliza shule, yuko nyumbani, na kila alasiri alimchukua Hemedi pwani, wanarudi na mchanga mpaka masikioni. Salim alikaa dirishani kuwasubiri. Hakuwa analia, na afadhali angelia.

Kisha kikaja kipupwe cha mwaka ule. Upepo wa kusi unavuma, asubuhi kuna ubaridi ambao watu wa bara wakiusikia wanatucheka, lakini sisi tunavaa majaketi. Salim aliamka hana nguvu. Midomo yake ilikuwa myeupe, viganja vyeupe, macho ya njano, na tumbo limejaa upande mmoja. Aliniambia, "Mama, nataka kulala," na alikuwa ametoka kulala sasa hivi. Safari hii sikumwita mtu. Nilimbeba, nikasimamisha bajaji, mama mkubwa akanikimbilia na kanga yake begani akapanda.

Pale hospitali tulikaa kwenye benchi, mbele yetu foleni. Nilikuwa nimempakata Salim, mama mkubwa akamchukua. Alifunua fulana, akaingiza vidole chini ya mbavu za kushoto, akabonyeza polepole, kama mtu anayetafuta funguo ndani ya mkoba wake mwenyewe. Akasema kwa sauti ndogo, wala si kwangu, "Limeshashuka mpaka hapa."

Nesi alipotuona tulivyo alituvusha foleni, Mungu ampe heri. Daktari kijana akamlaza Salim kitandani, akafunua fulana ile ile, akaweka vidole mahali pale pale. Uso ukambadilika. Alisema bandama limevimba na damu ya mtoto imekwisha, aongezwe sasa hivi. Akachukua vipimo. Ndiyo mara ya kwanza nikasikia siko seli ikitajwa juu ya mwanangu. Lakini mimi, katika hofu yote ile, nilikuwa nautazama mkono wa mama mkubwa.

Damu ilipatikana, tukaambiwa ndugu waje kuirudishia. Zuhura alikuja, na mdogo wangu Khamis, anayesimamia machimbo ya kokoto Lugoba, alipanda lori usiku huo huo. Walikaa benchi moja, kila mmoja na pamba mkononi, wanataniana nani ameogopa sindano. Ni ndugu waliojuana tangu kuzaliwa, lakini nadhani kujuana kwa namna nyingine kulianzia pale.

Asubuhi Salim alifumbua macho akaomba uji. Nilitoka nje kwenye varanda ya wodi, mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye ngazi na tasbihi yake. Nikakaa chini yake.

"Mama mkubwa, ulijuaje pa kushika?"

Alivuta tasbihi punje mbili tatu. "Mkono umezoea."

"Umezoea kwa nani?"

"Kwa Salim."

Nikamwambia Salim yuko ndani, na jana ndiyo mara ya kwanza tumbo lake kuwa vile.

"Salim wangu," alisema.

Akanieleza, bila kunitazama. Kabla ya Masoud alimzaa mtoto wa kiume, wakiwa bado wanakaa Pangani. Viganja vilivimba hivyo hivyo. Macho hivyo hivyo. Hospitali ya huko waliwaambia jina la ugonjwa na wakawaambia ni wa kurithi. Alikufa alipokuwa karibu kuhitimu juzuu ya kwanza chuo cha Kurani. Walipomzika, wakahamia Bagamoyo, na wazee wakakubaliana kwamba asitajwe, maana akitajwa hakuna atakayekuja kuoa wala kuolewa katika nyumba ile. Ugonjwa ukapewa jina la heshima: baridi ya kwetu. Na mwanangu akapewa jina la marehemu, mimi nikafurahia babu wa Pangani.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa analia, na mimi sikuweza kumshika mkono. Nilimwonea huruma na nilimchukia, vyote kwa pamoja, na mpaka leo sijajua kipi kilikuwa kikubwa.

Masoud alifika mchana na chupa ya supu. Nilimtoa mpaka kwenye ukuta wa nyuma, karibu na kamba za kuanikia. Nikamuuliza alijua lini. Kama angesema alijua jana, ningesamehe yote.

"Siku ile ya viganja," alisema. Alikuwa akilala mkeka mmoja na kaka yake. Alikuwa mdogo, lakini ile mikono hakuisahau. "Mama alisema ukijua utaondoka na mtoto."

"Nisingeondoka," nikamwambia. "Ningempa maji."

 Alinyoosha mkono na ile chupa ya supu, nikaipokea kwa sababu mtoto alikuwa na njaa. Watu wananiuliza nilisamehe vipi ndoa. Ndoa sikuwa na haja ya kuisamehe, nilimpenda na kwao nilikupenda. Ambacho sijasamehe ni ile miaka baada ya viganja, kila siku naingia jikoni kuchemsha karafuu na yeye ananiona.

Daktari alitueleza kwamba mtoto hawezi kuipata kwa mzazi mmoja tu. Lazima apate kwa baba na kwa mama. Hapo nikakumbuka kwamba mama mkubwa ana mdogo wake, naye ni mama yangu. Salim alipotoka hospitali nilikwenda kwake. Nilimkuta anachambua mchele. Nilimuuliza kama alikuwa anajua habari za Salim wa Pangani. Hakuacha kuchambua. Alisema, "Dada yangu alishazika. Nimzikie mara ya pili kwa mdomo?"

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Siku ile nilirudi nyumbani kwa mguu, nikapita soko la samaki, watu wananiamkia na mimi naitikia, na ndani yangu nilikuwa nahesabu ni nani katika ukoo mzima ambaye hakunidanganya. Nilimpata Zuhura na nilimpata Khamis, kwa sababu nao walikuwa wamedanganywa.

Baada ya hapo maisha yakawa ya kliniki. Mwanzoni kila wiki mbili, kisha kila mwezi, safari ya Dar na alfajiri ya benchi. Ushauri wangu kwa anayeanza: beba kanga mbili, moja ya kumfunika mtoto na moja yako ya kulilia. Beba maji. Usikae karibu na mlango, upepo unapita. Na usimkatae mama wa jirani anayekukaribisha chai kwenye kifuniko cha chupa, hata kama kwenu mna kila kitu. Mimi nilikaribishwa na mama mmoja kutoka Mkange, mwenye binti mkubwa aliyekuwa na ugonjwa huo huo, anavaa miwani na anawachora maharusi piko. Nilimwangalia yule binti kuliko nilivyomwangalia daktari. Nilitaka kujua kwamba wanakua.

Tukafuta miiko. Salim akapewa chupa yake ya maji yenye kamba, akawa anatembea nayo kama askari na kirungu. Vidonge kila asubuhi, chandarua, sweta ikibaki pale pale maana hilo wazee walipatia. Tulijifunza majira upya. Kaskazi ni kiu, masika ni mbu na vifua, kipupwe ni mifupa. Kipupwe cha kwanza alilazwa mara mbili. Cha pili mara moja. Cha juzi tulikaa nyumbani.

Mwili wake umechelewa. Miguu myembamba, kifua chembamba, na macho yake yana ule umanjano ambao watoto wenzake wanamuuliza kama amekula embe dodo. Hemedi alimpita kwa urefu, kisha kwa viatu. Basi kwetu nguo zinapanda badala ya kushuka: shati likimbana mdogo, anarithi mkubwa. Mara ya kwanza nilikunja shati la Hemedi nikaliweka kwenye kabati la Salim, nikakaa kitandani nikalia. Salim aliingia, akalivaa, akasema linanukia pwani.

Na Hemedi naye akaugua, ugonjwa wake mwenyewe. Siku moja alirudi madrasa anachechemea. Mguu wa kulia. Nikapapasa, nikachemsha maji, nikamfunga kitambaa cha moto, nikambeba kumzungusha ua. Kesho yake anachechemea mguu wa kushoto. Nilipomuuliza mguu ulihamaje, alifikiri kidogo akasema baridi inatembea. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikambeba hivyo hivyo. Masoud akaanzisha desturi kwamba kila Ijumaa baada ya sala Hemedi ni wake peke yake, wanakwenda Mapinga, anapanda juu ya mifuko ya saruji na kuongoza wateja.

Maana siwezi kudanganya, Masoud ni baba mzuri. Hajawahi kusahau kidonge. Usiku wa maumivu yeye ndiye anayekanda miguu mpaka mikono yake inakufa ganzi. Kwa dawa namwamini asilimia mia. Kwa neno simwamini, na kuishi na mtu hivyo kunachosha kuliko kuishi na mgonjwa. Akiniambia amepita kwa mjomba, najikuta nataka kumpigia mjomba.

Mwaka jana, baada ya Idi, Khamis alikuja nyumbani amenyoa vizuri kuliko kawaida. Nikajua. Anamtaka Zuhura, na Zuhura anamtaka. Mama yangu alishafurahi, mama mkubwa alishafurahi, siku ilishapangwa. Nilikaa nikawaza: yeye ni mdogo wangu tumbo moja, na yule ni mdogo wa Masoud tumbo moja. Ni mimi na Masoud tena. Kuna mtoto mwingine atakayevimba viganja katika nyumba nyingine, na mama yake atakuwa Zuhura.

Nilimwambia Masoud wapimwe damu kabla ya posa. Baba yao alishafariki, kwa hiyo Masoud ndiye walii wa dada yake, na neno lake ndilo linalongojwa. Aliniambia nisiwatangulie wazee. Alisema, "Nitasema mimi. Ni dada yangu." Nilimtazama sana. Nikaamua kumwamini, kwa sababu nilichoka kutomwamini.

Siku ya posa wanaume walikaa sebuleni, sisi chumba cha ndani, katikati pazia nililolishona mwenyewe. Mjomba wetu, kaka wa hawa mama zetu wawili, ndiye aliyesema kwa upande wa Khamis. Anajua kusema. Aliomba dua, akasifu, akasema damu nzito kuliko maji, akamalizia kwa kuchekesha: sisi kwa sisi, tuulizane nini? Watu wakacheka. Zuhura, kitandani pembeni yangu na dera lake jipya, akacheka na akanifinya mkono. Mjomba akauliza, walii anasemaje.

Nilimsikia Masoud anakohoa. Nikasubiri. 

"Sina la kuongeza, mjomba," alisema.

Nilisimama. Mama yangu alinishika dera kwa nyuma, nikalivuta. Nilifungua pazia, jambo ambalo mwanamke wa kwetu hafanyi wazee wakiwa kwenye posa, nikawaamkia shikamoo. Mjomba akaitikia marahaba kwa mazoea tu, kabla hajaelewa ninataka nini.

"Lipo la kuulizana," nikasema. "Mwanangu ana siko seli. Tuliiita baridi, nusura imuue. Salim wa mama mkubwa aliyezikwa Pangani alikufa nayo. Khamis na Zuhura wapimwe kwanza, kisha mtaje mahari."

  Masoud alikuwa anaangalia kikombe chake. Kisha nyuma yangu nikamsikia Zuhura, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa.

"Salim gani wa Pangani?"

Alikuwa hajui. Alizaliwa baada ya kuhama, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba aliwahi kuwa na kaka mwingine. Alimgeukia mama yake, na mama yake akajifunika uso na ushungi.

Posa ikavunjika bila kuvunjwa. Mjomba alisema mambo yaende taratibu, na kwamba mwanamke akifungua pazia baraka inatoka. Halua tulikula sisi wiki nzima. Masoud aliniambia nimemwaibisha mbele ya watu wazima. Nikamwambia yeye amenisaliti mara ya pili, na ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu mara ya kwanza aliogopa nitaondoka na mara hii aliogopa kicheko cha mjomba kitakatika. Mama yangu aliacha kuitikia salamu zangu. Khamis alirudi Lugoba bila kuniaga. Na Zuhura alihamia kwa shangazi yake Mapinga, alasiri zikabaki bila mtu. Hemedi alikaa mlangoni na ndoo yake ya mchanga, akaniuliza ni nani amemfukuza shangazi Zuhura. Nikamwambia mimi.

Mama mkubwa peke yake ndiye aliyebadilika kwa wema. Siku nyingi alijifungia. Kisha akatoka, akakaa uani na Salim, akaanza kumsimulia habari za Salim mwingine: alivyopenda kuku, alivyoogopa radi, alivyojifunza kupiga mluzi bila meno ya mbele. Nilikuwa nashona, sikuinua kichwa, ili asinyamaze. Alikuwa amekaa na yale maneno tangu Masoud akiwa mdogo. Najua mwaka jana nilikuwa simwamkii mpaka Hemedi amwamkie kwanza, lakini tangu siku hiyo namwamkia vizuri.

Kwa hiyo wewe unayesoma, mwanao akivimba viganja, nenda akapimwe damu, usikubali jina la nyumbani. Mpe maji. Na kama una mdogo wako anayetaka kuoa au kuolewa, ukoo mmoja au koo mbili, mwambie aulize, na akichekwa aulize tena. Utalipia. Mimi bado nalipa.

Zuhura alirudi kipupwe hiki kilichopita. Salim hakuwa ameenda shule siku hiyo, mguu ulikuwa unamsumbua, nilikuwa nimemweka sebuleni na blanketi na chupa yake ya maji mapajani. Nilisikia hodi nikaijua. Aliingia bila kuvua buibui, akambusu Salim kichwani, akakaa kwenye kiti cha mbali. Alikuwa amekonda.

Akaniambia walikwenda kupima, yeye na Khamis, bila kumwambia mtu.

"Wote wawili tunayo," alisema. "Hatuumwi, ila tunayo. Tumekubaliana tuache."

Nilisema pole.  Alikuwa anazungusha pete ya kidole kidogo, pete ya bei rahisi ambayo nadhani ilitoka Lugoba. Aliniambia kwamba kama ningenyamaza, saa hizi wangekuwa na miezi mitano katika nyumba yao. Hakusema kwa hasira. Kisha akaniuliza, na nilijua alikuwa amelibeba swali hilo tangu Mapinga:

"Wifi, na wewe ungejua, ungemkataa kaka?"

Salim alikuwa ameacha kunywa. Alikuwa ameshika chupa karibu na mdomo, ananitazama kwa macho yake yale ya njano, na alikuwa ameelewa kila kitu.

"Salim ningemtaka," nikasema. "Ila ningetaka niulizwe."

Zuhura akainama akalia. Salim alinitazama kidogo tena, kisha akaendelea kunywa.